Riwaya Iliyochelewa Kufika Kwao

Mwaka 1994 ndugu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa huko Uingereza riwaya ya Kiingereza inayosimulia safari zetu. Kijana Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, anakabidhiwa tajiri Aziz kwa deni la baba yake. Humdhania kuwa ni mjomba wake, hata aelezwe kwamba yeye ni rehani. Kisha afuatana na msafara wa wapagazi kwenda bara, wakati Wajerumani wanaitwaa nchi.

Sisi tulipokuwa shuleni tulikaririshwa safari za Livingstone na Stanley; jina la mpagazi hata mmoja hatukutajiwa. Kwa hiyo riwaya hii ilituhusu mno. Lakini msomaji wa Kiswahili alingoja miaka 28. Mwandishi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata ndipo tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilipotolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Je, ilikuwa lazima Sweden itutangulie kumtambua mtu wetu?

Mfasiri twamshukuru kwa dhati. Waliobaki na kazi ni wenye maktaba za shule: nakala zinunuliwe, wala zisifungiwe kabatini.