Bunduki ya kwanza ya kijana, na gobore lililo darini

Miezi kadhaa iliyopita tulipokea barua kutoka Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, na jina lake tunalificha kama alivyoomba. Mwanawe wa kwanza, mwenye umri wa miaka 26, alipitia Jeshi la Kujenga Taifa katika kambi ya Rwamkoma, akajifunza kulenga shabaha, akaupenda mchezo huo kuliko vijana wenzake wanavyoupenda mpira. Sasa ni fundi umeme, ameweka akiba, na anataka kununua shotigani yake ya kwanza, ya bei nafuu, kwa ajili ya shabaha tu. Baba mtu haoni ubaya. Mama haoni usingizi. Lakini lililomfanya ashike kalamu ni neno la shemeji yake wa Tarime, ami wa kijana: kwa nini kupoteza fedha dukani, ilhali gobore la marehemu babu bado limelala darini?

Tulidhani jibu lingetosha mistari kumi. Halikutosha, kwa kuwa ndani ya barua hiyo mlikuwa na mambo mawili, na lile la gobore ndilo zito. Tuanze nalo.

Wenyeji wa Tarime hawahitaji kuelezwa na mtu wa nje namna bunduki zilivyoingia katika maboma yao. Wakurya wametumikia majeshi tangu enzi za King's African Rifles, na katika vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vijana wengi wa huko walikuwa mstari wa mbele. Baada ya vita, silaha za kivita zilionekana mikononi mwa wezi wa mifugo, na wizi ambao zamani ulifanywa kwa mikuki na mishale ukageuka kuwa wa risasi. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyeishi miongoni mwa Wakurya katika miaka ya 1990, ameliandikia kitabu jambo hilo. Mapigano ya koo kwa koo yaliyofuata yaliacha wajane na mayatima, na haikuwa kwa bahati tu kwamba Tarime na Rorya zikapewa mkoa wao wa kipolisi. Kwa hiyo mtu wa Tarime anaposema "bunduki ya babu", anayesikia hafikirii kumbukumbu ya ukutani. Anafikiria nani aliibeba, usiku gani, na nani hakurudi.

Upande wa Serengeti gobore lina sura nyingine. Huko ni chombo cha mwindaji wa kitoweo, ndugu wa waya wa kutegea. Vijiji vingi vinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, au na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na Mahakama ya Wilaya pale Mugumu imesikiliza kesi nyingi mno za watu waliokutwa hifadhini na silaha bila kibali. Katika kesi hizo haijalishi kama mshitakiwa ameua nyumbu au hakugusa hata digidigi. Kukutwa ndani na silaha ni kosa linalojitegemea.

Na kukaa na gobore nyumbani je? Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitambui urithi wa kimyakimya. Bunduki ina leseni, na leseni ni ya mtu aliyetajwa ndani yake. Akifariki, silaha haigawanywi pamoja na ng'ombe na mashamba. Hupelekwa polisi, na mrithi anayeitaka huomba upya kwa jina lake mwenyewe. Gobore ambalo halikuwahi kuwa na leseni halina hata njia hiyo. Anayepatikana nalo hushitakiwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 adhabu yake inaanzia miaka 20 jela. Miaka ishirini kwa kipande cha chuma ambacho huenda hakijafyatuliwa tangu babu apofuke macho! Tunamwomba ami aisome sentensi hiyo mara mbili, kisha aitazame dari yake.

Hata tungeiweka sheria kando, gobore halifai kwa shabaha. Hushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, na mengi yametengenezwa na wahunzi wa vijijini kwa bomba lisilokusudiwa kuhimili mlipuko. Wazee wenye vidole pungufu na makovu ya shavuni wapo katika wilaya zote mbili, nao wanaweza kusimulia vizuri kuliko sisi.

Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha, ambapo mwenye silaha isiyo halali huisalimisha kwa hiari katika kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya eneo lake bila kushitakiwa. Huo ndio mlango. Ushauri wetu kwa familia ulikuwa mmoja: msilishushe wenyewe na kulipandisha bodaboda. Aliyekutwa nalo njiani atajieleza vipi? Kwanza atangulie mtu mzima mwenye heshima, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, akawaarifu polisi, nao waelekeze litakavyochukuliwa.

Sasa turudi kwa kijana, ambaye tunakiri kwamba shauku yake imetufurahisha. Kulenga shabaha ni mchezo wa watu wazima wenye utulivu, na Waislamu wameufanyia makubwa. Mwaka 2004 mjini Athens, Ahmed bin Hasher Al Maktoum aliipatia Falme za Kiarabu medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, tena ya dhahabu, kwa bunduki ya marisau. Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alitwaa shaba huko Tokyo akiwa na umri wa miaka 57. Ni mchezo gani mwingine unaompa babu medali ya Olimpiki? Na mapokeo ya Mtume (S.A.W.) kuhimiza kujifunza kulenga mishale yanajulikana, kama yanavyojulikana makatazo yake mawili yanayokwenda sambamba na hayo: kutomfanya kiumbe hai kuwa shabaha, na kutomwelekezea ndugu yako chuma hata kwa mzaha.

Tulipomwandikia kijana, tulimuuliza kwanza si bunduki gani anaitaka, bali ataifyatulia wapi. Mchezo wenyewe ni wa visahani vya udongo, vyenye upana wa sentimita 11 hivi, vinavyorushwa hewani na mtambo. Mzunguko mmoja ni visahani 25. Marisau madogo yanayotumika huweza kusafiri zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka, kwa hiyo shamba la mihogo nyuma ya nyumba si kiwanja, sembuse kichaka kinachopakana na hifadhi. Nchini Kenya wapo wanaolenga katika kiwanja cha Kirigiti, Kiambu. Lakini aliyezoea kuvuka Sirari kwenda Isebania kununua sukari asidhani bunduki huvuka hivyo hivyo. Kuipitisha mpakani kunahitaji vibali vya nchi zote mbili. Tulimshauri apate kwanza, kwa maandishi, mahali halali pa kulengea na mkufunzi, kwa sababu atakapoomba leseni ataulizwa bunduki ni ya nini, na "ninaipenda" si jibu.

Maombi yenyewe yana ngazi. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mtu wa ulevi wala wa fujo, na awe na cheti kinachothibitisha kwamba anajua kuitumia silaha. Jina lake hupita kwa viongozi wa mtaa au kijiji, polisi, na kamati za ulinzi na usalama. Wapo wanaonung'unika kwamba safari hiyo ni ndefu. Kwa Tarime tunayoijua, sisi hatunung'uniki.

Akishavuka hapo, ndipo aingie dukani kwa muuzaji mwenye leseni. Unafuu una mitego yake. Shotigani ya mtutu mmoja, inayovunjwa katikati na kutiwa risasi moja, ndiyo ya bei ya chini. Wengi wameiona begani kwa walinzi, ama Baikal ya Kirusi ama Greener kuukuu za Uingereza, ingawa Greener yenyewe haivunjwi. Hufunguliwa kwa mtaimbo wa chini. Ni imara na rahisi kusafisha. Kasoro yake ni wepesi: bunduki nyepesi hupiga teke kali, na baada ya risasi 25 bega la mwanafunzi huwa limevimba naye ameanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Tena visahani vikirushwa viwili kwa pamoja, mtutu mmoja haumfai. Yenye mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwingine, ndiyo wanayotumia mabingwa, nayo mpya ni ghali. Katikati ya hizo ipo ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, iliyokwishatumika. Kwa fundi umeme wa Mugumu tungechagua hiyo, yenye uzito wa kilo tatu na kidogo.

Zipo pia za kukokwa kwa mkono na zinazojikoka zenyewe, na baadhi hazina bei kubwa. Kwa bunduki ya kwanza hatuzipendekezi. Ile inayovunjwa katikati ikiwa wazi, kila aliye kiwanjani, pamoja na mama aliyekuja kutazama, huona kwa macho yake kwamba haina kitu ndani.

Namba ya bunduki huwachanganya wengi. Namba 12 maana yake ni kwamba risasi 12 za duara za risasi-chuma, zenye upana wa mtutu huo, zingetimiza uzito wa ratili moja. Kwa hiyo namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12. Namba 12 ndiyo iliyoenea, na risasi zake ndizo rahisi kupatikana. Asichanganye kamwe hizo mbili mfukoni. Risasi ya namba 20 ikiingia katika mtutu wa namba 12 hupita na kukwama mbele. Mtu akidhani hakutia kitu, akatia ya namba 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mkononi. Ndiyo maana viwanda vingi huzipaka zile za 20 rangi ya manjano.

Anayenunua kuukuu aende na fundi wa silaha. Atazame ndani ya mitutu dhidi ya mwanga: mistari ya kivuli iliyopinda ni mbonyeo, vitundu ni kutu iliyokula chuma. Aifunge, aishike kitako na kuitikisa taratibu. Ikigonga, bawaba imechakaa. Na apime chumba cha risasi. Bunduki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa risasi ya milimita 65, na za leo ni 70. Risasi ya leo huingia vizuri tu humo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa hukosa nafasi ya kufunguka na nguvu ya baruti hupanda kupita kiasi. Kitako nacho kipimwe begani mwake, si begani mwa muuzaji.

Kisha risasi. Anayelenga kwa bidii humaliza 100 asubuhi moja, na kabla mwaka haujaisha fedha za risasi zinaweza kuipita bei ya bunduki. Aongeze vizibo vya masikio, maana mshindo mmoja watosha kuanza kumharibia usikivu, miwani, na maji ya kunawa kabla ya kula, kwa kuwa marisau ni madini ya risasi na ni sumu. Tulimtumia hesabu hiyo yote. Alinyamaza wiki tatu.

Liliobaki lilikuwa la mama, nalo tuliliandika kwa herufi kubwa. Bunduki hailali chini ya godoro wala juu ya kabati. Hulala ndani ya kasha la chuma lililofungwa ukutani kwa nondo, ikiwa tupu, na risasi katika kasha jingine lenye ufunguo wake. Ufunguo hauachwi kwa mdogo wake, hauachwi kwa mke, hauachwi hata kwa baba, kwa sababu leseni haina majina yao. Wageni hawaonyeshwi. Na siku nyumba imeingia ugomvi wa mirathi au wa ndoa, mwenye silaha ana njia ya kuipeleka polisi ikahifadhiwa mpaka hasira zitulie. Tunaomba asione aibu kuitumia.

Barua ya pili ya mama ilitufikia hivi karibuni, fupi kuliko ya kwanza. Kipindi cha msamaha kilipotangazwa, ami alikwenda na mwenyekiti wake wa kijiji kuarifu, na gobore likachukuliwa mchana kweupe. Wajukuu walitoka kutazama, na mmoja aliuliza kama kile ndicho alichokuwa akidhani ni mwiko wa uji wa bibi. Kijana ameanza mafunzo, na fomu zake bado ziko wilayani. Bunduki hajanunua. Kasha la chuma limekwishafungwa ukutani, na kwa sasa baba ameweka humo hati ya kiwanja na vyeti vya shule vya watoto.