Salio moja, mizani mbili

"Nikihamia lugha ya Haskell, salio halitavurugika tena, sivyo?" Vijana wanaotengeneza programu za biashara hawachoki kuniuliza hivyo. Litavurugika.

Chukua mnunuzi wa maharage mwenye mizani Kasulu na nyingine Kibondo, na mfuko mmoja wa kuwalipa wakulima kwa simu. Mfukoni mna shilingi 500,000. Karani wa Kasulu anabonyeza kulipa 400,000. Papo hapo wa Kibondo anabonyeza 300,000. Seva inasoma 500,000 kwa ombi la kwanza, inasoma 500,000 kwa la pili, inaona pesa zinatosha, inalipa yote mawili. Halafu inaandika salio 100,000 au 200,000, kutegemea ombi lipi limechelewa kuandika. Zimetoka 700,000.

Wanaoziona lugha za aina ya Haskell kuwa kinga husema data haibadiliki, kwa hiyo hakuna kugongana. Si kweli. Ile 500,000 haikubadilika hata senti mikononi mwa kila ombi, na balaa liko hapo hapo: uamuzi umefanywa kwa namba iliyokwisha kupitwa. Kutobadilika kunalinda nakala, hakulindi uamuzi. Lazima pawepo mahali linapokaa salio la sasa, na mahali hapo hubadilika, uandike kwa lugha yoyote. Wala usiniambie umeongeza sekunde mbili za kusubiri! Maombi mawili yakisubiri sekunde mbili kila moja, yatafika pamoja vile vile. Umelificha kosa wakati wa majaribio tu. Litajitokeza siku ya gulio.

Dawa ya Haskell ni nyingine, nayo ni STM (kumbukumbu ya miamala), iliyopo tangu 2005. Kusoma, kulinganisha na kupunguza hufungwa kuwa muamala mmoja. Ombi jingine likiwahi kubadilisha salio, muamala unaanza upya. Kwa kuwa huenda ukarudiwa, lugha inakukatalia kutuma pesa ukiwa ndani yake, maana ungelipa mara mbili. Hiyo ndiyo faida ya kutenga hesabu na athari zake za nje. Ila STM haivuki programu moja. Ukiwa na seva mbili, haikusaidii.

Lugha nyingine ya aina hii, OCaml, katika toleo la 5 la Desemba 2022, ilileta vishughulikia athari: fanksheni inaomba "lipa", kishughulikia kinaamua kama ni mtandao halisi au jaribio la mtandao uliokatika. Kwa kupima programu, sijaona chombo kizuri zaidi. Lakini hakizuii kugongana, na athari uliyosahau kuishughulikia utaigundua programu ikishaanza kazi.

Basi, salio likiwa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, lipunguze kwa amri moja yenye sharti kwamba linatosha, kisha hakikisha safu imebadilika kweli. Likiwa kwenye kumbukumbu ya seva moja, tumia STM, au kwa lugha ya Erlang likabidhi kwa mchakato mmoja ulimiliki na maombi yapange foleni. Kwa vyovyote tenga pesa kwanza, lipa baadaye. Kila malipo yapewe namba ya kumbukumbu, na mtandao ukikatika urudie kwa namba ile ile. Kama mtoa huduma wa malipo hakagui namba hizo, uliza hali ya muamala kabla ya kurudia.