Paka wa Bandari ya Juba: Mwachie Apange Umbali Mwenyewe

Palipo na samaki na magunia ya nafaka panya hawakosi, na palipo na panya paka hufika. Ndivyo ilivyo katika Bandari ya Juba, ukingoni mwa Nile Nyeupe, ambayo hapa huitwa Bahr el Jebel. Matishari hupakia mizigo ya kwenda Bor na Malakal, na chini ya mbao na mapipa paka husubiri makombo. Wengi wakimwona mtu hutoweka, na akibanwa mmoja hufoka na kurusha kucha, watu wakasema ni mkali. Mimi, daktari wa wanyama, naona hofu. Hofu ina tiba yake, na tiba hiyo huanza kwa kumwachia paka aamue umbali kati yake na mtu.

Paka wote wa nyumbani wametokana na paka pori wa jamii ya Felis lybica, ambaye hata leo anaishi Sudan Kusini. Ni mnyama mdogo, anayewinda na kuwindwa. Akiona kitu kikubwa kinamjia hukimbia kabla hajajua kama kimebeba fimbo au samaki. Kumzoea binadamu hujifunza akiwa mchanga. Miaka ya 1980, mtafiti Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, alionyesha kwamba paka anayeshikwashikwa na watu kati ya wiki ya 2 na ya 7 tangu kuzaliwa huwa mwepesi wa kuwazoea. Aliyekua bila kuguswa hujifunza kwa shida, na wengine hawajifunzi kabisa.

Kwa hiyo bandarini kuna paka wa namna mbili: aliyezaliwa huko asiwahi kuwa na mwenyewe, na aliyewahi kuishi na watu kisha wakahama wakamwacha. Kwa mbali wanafanana, maana njaa na mateke humtia woga hata paka aliyelelewa sebuleni. Utawatofautisha kwa chakula. Weka sahani mahali palepale, saa ileile, jioni kelele za upakiaji zinapopungua, kisha simama mbali. Baada ya robo saa iondoe, ili ajue kwamba chakula kina wakati wake na wewe ndiye unayekuja nacho. Siku zikipita, aliyewahi kufugwa mara nyingi huanza kujitokeza mapema, mkia umesimama wima, pengine akilia akikuona. Mwenzake atasubiri kimya mpaka uondoke.

Ukifika wakati wa kumchukua, usimkamate kwa mikono. Jino la paka ni jembamba na huingiza vijidudu ndani kabisa ya nyama. Tumia mtego wa kisanduku ambao mlango wake hujifunga anapokanyaga ubao, kisha uufunike kwa shuka mara moja, kwa kuwa giza humtuliza. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Karibu watu wote wanaopata ugonjwa huo huambukizwa na mbwa, lakini paka pia huuambukiza, na dalili zikishaanza ni nadra mno mtu kupona.

Nyumbani mpe chumba kimoja kidogo chenye hewa. Mwezi Machi joto la Juba hupita nyuzi 35, na chumba cha mabati kilichofungwa mchana kutwa kinaweza kumuua. Weka maji, beseni la mchanga mbali na chakula, na boksi lililolazwa ubavu. Boksi hilo lina kazi kubwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliwachunguza paka 19 waliofika katika kituo cha kulelea wanyama, na waliopewa boksi la kujifichia walitulia mapema kuliko wenzao. Paka mwenye pa kukimbilia ndiye anayethubutu kutoka.

Sasa kazi yako ni kukaa. Ingia na chakula, keti sakafuni, usimkazie macho, zungumza kwa sauti ya chini. Kila siku sogeza sahani karibu nawe kidogo. Akiacha kula, umemkaribia mno, basi irudishe nyuma. Mwangalie huku ukifumba na kufumbua macho polepole. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, mwaka 2020, ulionyesha kwamba paka humjibu mtu anayefanya hivyo na huwa tayari zaidi kumsogelea. Akija, mpe ncha ya kidole ainuse. Akijisugua hapo, mkune shavu na kidevu, kisha acha yeye akiwa bado anataka. Masikio yakilala au mkia ukipiga sakafu, ondoa mkono.

Wakati huohuo apewe dawa ya minyoo, achanjwe kichaa cha mbwa akitimiza miezi 3, na ahasiwe. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 tu. Usimpe dawa za watu, kwa sababu hata kidonge kimoja cha paracetamol huweza kumuua. Usimpake dawa ya kupe ya mbwa wala ya ng'ombe. Zenye permethrin ni sumu kali kwake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Samaki apikwe bila chumvi wala kitunguu, na atolewe miiba.

Yuko tayari kupata nyumba anapokula mbele yako, anapoguswa bila kujikunyata, na anapomvumilia mgeni chumbani. Mweleze anayemchukua kwamba mwanzoni atajificha tena, hivyo aanzie chumba kimoja, na boksi lake aende nalo.

Yupo pia ambaye miezi itapita na bado anajibanza ukutani. Huyo usimlazimishe. Ahasiwe, achanjwe, akatwe kidogo ncha ya sikio akiwa bado kwenye usingizi wa dawa ili ajulikane, kisha arudishwe pale alipotoka, mradi awepo mtu wa kumlisha. Ghala la nafaka bado linamhitaji.

Juba ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka: wafanyabiashara kutoka Uganda, Kenya na Kongo, wafanyakazi wa mikataba, familia zinazorejea makwao kwa mto. Ukijua unaondoka, mtafutie paka wako mlezi mapema, angali anamwamini mtu. Kumkabidhi paka wa aina hiyo kwa mlezi mpya ni kazi nyepesi. Akishaachwa bandarini, kumrudishia imani huweza kuchukua miezi, na si kila paka huipata tena.