Jiko la udongo mu nyumba ya kupikia ya zamani

Moto wa mafiga matatu unakula kuni mingi juu upepo unapeleka joto pembeni ya sufuria. Jiko la udongo linafunga moto, joto linaenda ku chakula. Fanyeni hivi:

1. Chagua nafasi mbali na ukuta wa miti, pasipo upepo wa mlango.
2. Kanyaga udongo wa kichuguu na nyasi zilizokatwa-katwa. Jaribu tofali moja: likipasuka, ongeza mchanga, likivunjika-vunjika mu mikono, ongeza udongo.
3. Pima kwa sufuria ya kila siku. Kati yake na ukuta wa jiko acha unene wa kidole kimoja.
4. Mu mlango wa jiko weka kipande cha njanja: kuni zikae juu, hewa ipite chini. Hewa ile njo inapunguza moshi.
5. Acha likauke majuma mawili ao matatu mbele ya kuwasha.

Moshi kidogo utabakia, basi toboa dirisha chini ya paa. Kama paa ni la nyasi, usipitishe bomba ya chuma ndani yake: nyasi zitashika moto. Na makala yenye kuwaka isiingie mu chumba cha kulala. Sumu yake haina harufu, inaua watu mu usingizi.