Mtaala wa Nyumbani: Tuulize Kwanza Unatokea Wapi



Miaka miwili iliyopita, mzazi mmoja wa msikitini kwetu aliamua binti yake wa kidato cha kwanza asomee nyumbani, kwa kuwa selimundu ilikuwa ikimlaza kitandani mara kwa mara. Alinunua mtaala kutoka Marekani, wenye vitabu vya kupendeza na mazoezi ya kila siku. Nami, katibu wa kamati, nilimpongeza mbele ya waumini. Mwaka huu alipokwenda kumsajili kwa mtihani wa kidato cha nne, aliambiwa haiwezekani: binti hajafanya Mtihani wa Maarifa, yaani QT.

Binti akaniuliza, "Ustadh, kwani muda wote huu nilikuwa nasoma nini?"

Elimu aliyoipata haikupotea. Kosa ni letu wakubwa, tulioshika njia kabla ya kuuliza inatokea wapi.

Kwa kijana wa Tanzania ambaye hakupitia kidato cha pili shuleni, Baraza la Mitihani humpokea kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sharti afaulu QT kwanza, ndipo afanye mtihani wa kidato cha nne. Yote miwili hufanyika Novemba, na usajili hufungwa miezi kadhaa kabla. Anayepitwa na tarehe husubiri mwaka mzima. Anayekusudia mitihani ya Cambridge naye atafute kwanza kituo kinachopokea watahiniwa wa nje, aulize ada ya kila somo na namna ya kufanya majaribio ya sayansi, kwa kuwa nyumbani hakuna maabara.

Mtihani ukishajulikana, uchaguzi wa mtaala huwa mwepesi. Chukua muhtasari wa kila somo, ugawe mada zake kwa miezi iliyobaki. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania husomwa bure katika maktaba mtandao yake. Ratiba nayo isitutishe, kwani sala tano zimekwishatugawia siku: Qur'ani baada ya Alfajiri, masomo mazito asubuhi, marudio baada ya Alasiri. Na kila mwisho wa mwezi, mtu asiyekuwa mzazi ampime kijana kwa maswali ya mitihani iliyopita. Jicho la mzazi lina huruma nyingi mno kuwa msahihishaji.

Binti yetu sasa anajiandaa kwa QT. Ratiba aliipanga mwenyewe, akaweka siku za akiba kwa ajili ya maradhi, ili akiugua asihesabike kuwa amechelewa. Muumini mmoja humfundisha hisabati, nami humfundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu. Ni deni ninalolilipa, kwani pongezi zangu zilitangulia kabla ya swali.

Allah (s.w.) amjaalie afya na mafanikio, na atuwezeshe kuuliza mapema. Amin.