Sauti haisikiki, Padre

Leo naanza na kisa kinachonihusu mwenyewe, na hakinipambi.

Parokia yetu ilianza kurusha Misa ya pili ya Dominika mubashara miaka kadhaa iliyopita. Vijana waliomba, Halmashauri ya Walei ikapitisha, tukanunua simu moja nzuri na stendi yake. Simu ikawekwa nyuma kabisa, kando ya spika ya kwaya, ili ionyeshe kanisa zima. Picha ilipendeza. Wanaparokia waliohamia Mwanza, Muscat na Marekani wakatuandikia kutupongeza. Nami, lazima nikiri, nikirudi sakristia nilikuwa na swali moja tu: "Leo walikuwa wangapi?"

Ijumaa moja ya kwanza ya mwezi nikawapelekea wagonjwa Komunyo. Nikafika kwa bibi mmoja ambaye miguu imemkatalia kwa zaidi ya mwaka. Tulipomaliza sala akaniuliza taratibu, kama mtu anayeogopa kusumbua: "Padre, ile Dominika ya nia ya Misa ya mzee wangu, jina lake lilitajwa?"

Nikamwambia lilitajwa. Nilikuwa na hakika, maana mzee nilimfahamu. Ilikuwa kumbukumbu ya miaka 3 tangu afariki, na bibi alikuwa ametuma sadaka ya nia ile kupitia mwenyekiti wa jumuiya.

"Nashukuru," akasema. "Maana niliwasha mshumaa nikakaa kusubiri. Nikaona midomo yako inacheza tu, Padre. Kinanda nakisikia, wewe sikusikii."

Mjukuu wake, binti wa kidato cha pili, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kwa adabu, "Padre, mimi huwa naandika."

Jioni ile nikafungua chaneli yetu na kusoma yaliyoandikwa. Dominika 5 mfululizo. "Sauti haisikiki." "Tunaomba sauti." "Bibi anasema hasikii mahubiri." Na chini ya kila ujumbe, kutoka kwenye akaunti ya parokia, jibu lilikuwa moja: "Amina, ubarikiwe." Pamoja na kile kipicha cha mikono inayosali.

Sikulala vizuri usiku ule. Na kwa sababu najua parokia nyingi, makanisa mengi na vijana wengi wanaohubiri au kuuza bidhaa mubashara wako mahali nilipokuwa mimi, naomba tuzungumze leo kwa lugha ya kazi. Mambo ya roho yatajitokeza yenyewe.

Kwanza, sauti. Mtu atavumilia picha yenye ukungu, lakini sauti mbovu hamalizi nayo dakika 5. Simu ina kifaa chake cha ndani kinachopandisha na kushusha sauti chenyewe. Ikiwa karibu na spika ya kwaya inashusha kila kitu ili isipasuke, halafu padre akianza kusema taratibu kutoka altareni, mita 30 mbele, na mwangwi wa ukuta juu yake, simu inamhesabu kuwa ni kelele za mbali. Ndiyo maana bibi alipata kinanda bila padre. Dawa yake si simu ya bei kubwa zaidi. Sisi tulivuta waya kutoka kwenye miksa ya kanisa hadi kwenye simu kwa kifaa kidogo cha kuunganishia, tukaweka na maiki moja ya kuchukua sauti ya waamini wanapoitikia, kwa maana Misa isiyo na itikio inasikika kama padre anasali chumbani peke yake.

Pili, mtandao. Wengi hupima kasi ya kupakua, wakifungua video na kuona inacheza vizuri. Anayerusha anahitaji kasi ya kupakia, na hiyo mara nyingi ni ndogo zaidi. Kwa picha ya kawaida inayoonekana vizuri unahitaji kama megabiti 3 kwa sekunde zinazotoka bila kukatika, na ni busara uwe na akiba juu yake. Kwa kiwango hicho saa moja inakula takriban GB 1.35. Misa yetu ya saa mbili, ikiwa na matangazo yale marefu mnayoyajua, ni karibu GB 2.7. Kumbuka kwamba anayetazama naye anakula bando lake. Yule binti wa kidato cha pili alikuwa ananunua bando kila Dominika ili bibi yake aone midomo ikicheza.

Pima kasi saa ile ile utakayorusha. Jumatano mchana mtandao ni mtulivu. Dominika saa nne asubuhi mtaa mzima uko hewani. Na simu inayorusha isipokee simu za watu. Weka hali ya ndegeni, tumia mtandao wa kifaa kingine, la sivyo shangazi wa kijana wa zamu atapiga wakati wa mageuzo na matangazo yatakatika. Yametukuta. Ikiwa chaneli ni mpya, iandae mapema: YouTube inataka uithibitishe kwa namba ya simu, na kibali cha kurusha kwa mara ya kwanza kinaweza kuchukua hadi saa 24. Usigundue hilo asubuhi ya Pasaka. Waulizeni pia TCRA kuhusu kanuni za maudhui ya mtandaoni kabla ya kuanza. Kanisa haliko juu ya sheria za nchi.

Umeme, mwanga, stendi isiyotikisika: hayo mtajifunza kwa kukosea.

Ninalotaka kukaa nalo zaidi ni lile jibu la "Amina, ubarikiwe." Kijana aliyeandika hivyo si mvivu. Alikuwa na kazi ya kushika simu, kuangalia chaji, kutazama namba ya watazamaji na kujibu watu, yote kwa mpigo. Na nani alimfundisha kuitazama ile namba kuliko maneno ya watu? Ni mimi, kwa lile swali langu la sakristia.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, Paulo anahubiri huko Troa hadi usiku wa manane. Chumba kiko juu, taa ni nyingi, na kijana Eutiko amekaa dirishani. Usingizi unamshinda, anaanguka kutoka ghorofa ya tatu, na wanamwokota kama maiti. Sisi wahubiri tunapenda kukitumia kisa hiki kuwachekesha wanaosinzia, nami nimekitumia hivyo mara nyingi. Siku hizi nakisoma upande wa mhubiri. Paulo alikuwa na kila sababu ya kuendelea: anasafiri asubuhi, watu wamejaa, neno limenoga. Akakatisha. Akashuka ngazi zote zile, akamkumbatia kijana mmoja, na uhai wake ukaonekana. Kisha akapanda tena, akaumega mkate, akaongea hadi alfajiri.

Mtu wa kurusha mubashara anahitaji hiyo ngazi ya kushukia. Sisi tulimweka mtu wa pili, ambaye hagusi simu ya kurushia. Anakaa nje ya kanisa, chini ya mwembe, na simu yake mwenyewe na vipokea sauti masikioni, akitazama kama anavyotazama bibi. Huyo ndiye anayesoma ujumbe na kujibu, na ana ruhusa ya kumtuma mtoto wa kutumikia aniambie nisogeze maiki, hata katikati ya mahubiri. Mwanzoni ilinikera. Nimesoma seminari miaka mingi, na hakuna aliyenifundisha kukatizwa.

Kuna kazi nyingine ndogo ndogo za utu zinazohitaji mazoezi. Ukiuliza swali hewani, jibu halifiki papo hapo. Kati yako na mtazamaji kuna ucheleweshaji wa sekunde 10 hadi 30, wakati mwingine zaidi. Vijana wengi wanaoongoza rozari usiku huuliza, "Mpo wapendwa?", wanasubiri sekunde 3, kisha wanalalamika kuwa watu wamepoa. Watu hawajapoa, swali bado liko njiani. Endelea na sala, rudi baadaye usome majibu. Mwite mtu kwa jina alilojiandikia. Anayeingia amechelewa mweleze mlipofikia bila kumsimanga. Anayetukana usibishane naye mbele ya wengine. Mtoe kimya kimya, na kama unamfahamu, mtafute kesho.

Nilimtazama siku moja mama mmoja anayeuza vitenge mubashara. Kila baada ya dakika chache alirudia bei kwa ajili ya wageni. Alipoulizwa kuhusu rangi alisema wazi, "Kwenye kioo inaonekana imekoza, ukikishika ni hafifu kidogo, nisikudanganye." Nilikaa dakika 20 nikamsikiliza, na sikuwa na haja ya kitenge. Bwana wetu aliwahi kusema kwamba watu wa dunia hii wana busara kuliko wana wa nuru. Ninapoona watumishi wa Mungu wakikesha hewani wakihesabu zawadi za mtandaoni na kutaja majina ya waliotuma fedha tu, namkumbuka yule mama na ukweli wake kuhusu rangi.

Kwa vijana mnaopata riziki kwa kurusha harusi na misiba, neno moja. Ndugu walio mbali wanahitaji kuona mazishi, na mnawafanyia huduma kubwa. Lakini mjane anapoanguka kwenye jeneza, geuza kamera. Onyesha msalaba, onyesha maua, onyesha hata mti. Vivyo hivyo mstari wa Komunyo na watoto wadogo: usiwasogelee nyuso.

Baadhi mtaniuliza kama Misa ya kwenye simu inatosha. Kwa mwenye miguu yake na afya yake, haitoshi. Hakuna anayeshiba kwa kutazama wenzake wakila. Lakini kwa mgonjwa ni kitu kikubwa, na Kanisa halikuanza kulijua hilo jana. Mtakatifu Klara wa Asizi, akiwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli mwaka 1252, inasimuliwa kwamba alijaliwa kuiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikifanyika mbali naye, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko. Ndiyo sababu Papa Pio XII alimtangaza mwaka 1958 kuwa msimamizi wa televisheni. Na wengi wetu tunakumbuka jioni ya Machi 27, 2020, Papa Fransisko akisali karibu peke yake mbele ya uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, na dunia ikimtazama kutoka majumbani.

Klara alijaliwa kusikia pia. Bibi wa kwetu hakujaliwa, kwa sababu ya waya ambao hatukuvuta na ujumbe ambao hatukusoma.

Nia ya Misa ya mumewe tuliirudia, bila sadaka nyingine. Kabla ya Misa nilisimama mbele ya simu, nikamsalimu bibi na kumwambia jina litatajwa mwanzoni, awashe mshumaa. Kijana wa chini ya mwembe akasubiri. Baada ya kama nusu dakika mjukuu akaandika: "Bibi anasikia." Ndipo kengele ikapigwa.

Sasa imekuwa desturi. Hatuanzi mpaka kutoka nyumba ile ipatikane habari ya sauti. Dominika iliyopita niliposhuka altareni nikakuta ujumbe mwingine: "Bibi anauliza, mbona Padre anakohoa?" Kijana alikuwa ameshamjibu zamani, wakati bado nahubiri: "Ni vumbi la barabara, mwambie Bibi asiwe na wasiwasi. Tumempelekea maji."