Biti yako, mali yako: kutunga muziki bila kuiba programu

Ukipita Katuba ao Kenya, hapa Lubumbashi, saa ya magaribi, haukosi kusikia biti yenye kutoka katika chumba kidogo. Ndani hamuna studio ya maana. Kuko paka ordinatere ya zamani, ekutere za telefone, na kijana mwenye kurudilia ngoma moja mara makumi. Njo pale muziki mwingi wa leo unazaliwa.

Lakini kuko jambo ambalo wengi hawasemi wazi: programu wanayotumia ni ya kuiba. Ile ya kweli inauzwa kwa dola, na dola haziko. Basi mutu anachukua kopi yenye kuvunjwa kufuli, kwa USB ya rafiki. Tunamfahamu kijana mmoja aliyefanya vile. Kopi iliingiza virusi, ordinatere ikafa, na nyimbo 12 za waimbaji zikapotea zote. Wengine walikuwa wamekwisha kumupa avansi. Feza alirudisha pole pole. Jina zuri lilikawia kurudi.

Njia ingine iko, na haiko ya kificho. Inaitwa LMMS. Ilianzishwa mwaka 2004 na inatolewa bure chini ya leseni ya GPL. Maana yake: unaruhusiwa kuichukua, kuigawia jirani, hata kuangalia namna ilivyoandikwa na kuibadilisha. Inatumika kwa Windows, Linux na macOS, na unaweza kuisoma kwa Kifaransa. Toleo 1.2 la Windows halifiki mega 100. Mmoja akiiteremusha, wengine kumi wa avenue wanaikopi, na hakuna mwizi hata mmoja.

Tufanye mfano na rumba yetu, ile ambayo UNESCO iliandika katika urithi wa wanadamu mwaka 2021. Katika sehemu ya biti, kila chombo kiko na visanduku 16. Chagua sauti ya kijiti, kisha washa kisanduku cha 1, cha 4, cha 7, cha 11 na cha 13. Sikiliza: ni klave, ile ile ya wazee. Programu inafunguka na mwendo wa 140 kwa dakika. Upunguze mpaka kiuno kikubali. Kiisha andika besi noti kwa noti, na upange vipande: mwanzo, maneno, halafu seben. Pale seben inaingia, unaweza kuchora mstari ili mwendo upande wenyewe.

Tusidanganyane, kuko mapungufu. Toleo 1.2 halirekodi sauti ya mutu. Mwimbaji na gitaa unawarekodi kwa Audacity, nayo ya bure, kiisha unaleta faili ndani ya LMMS. Na juu ya delestaji: programu iko na uwezo wa kujihifadhi kila kiisha dakika chache, lakini usiitegemee peke yake. Hifadhi mwenyewe, na uweke kopi ya pili kwa USB.

Wengi wanatuuliza: "Kama programu ni ya bure, wimbo wangu pia ni wa watu wote?" Hapana. Leseni ile inahusu programu, haigusi muziki wako. Uza wimbo, uuandikishe, ni wako. Lakini kipande ulichokata katika wimbo wa mwingine kinabaki chake, hata kama programu uliyotumia ni halali.

Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, Likasi ya leo. Mwenda alikuwa na gitaa moja, na gitaa ile ilimfikisha mbali kuliko mipaka ya Katanga. Vijana wetu nao wanaweza kuanza na kidogo walicho nacho, bila kuogopa kesho.

Kijana tuliyemutaja ameanza upya, na LMMS. Leo, wimbo ukiisha, anamupa mwimbaji faili yote ya kazi, si MP3 peke yake. Mwimbaji akihamia Likasi ao Kolwezi, anaifungua kule kwa ordinatere yoyote, bila kuomba mutu kufuli.